Gari la Babu Lililosubiri Rangi

Babu aliona nini asubuhi ile, aliposimama mbele ya ngazi tatu za saruji kule Bluff, kilimani kando ya bahari, na kusema, "Naona yote"? Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimefundishwa kutofautisha kauli na ushahidi, nimefika miaka arobaini, na swali hilo bado sijalipatia jibu. Huenda aliona. Huenda alikuwa akitufanyia adabu tu, kama alivyomfanyia adabu kila mtu maishani mwake. Jibu lake lingenihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote, na nitaeleza kwa nini.

Sisi tuliokulia Chatsworth, kitongoji cha Durban, miaka ile ya mwisho ya tisini tunajua Jumamosi ilivyokuwa. Asubuhi madrasa, mchana uwanjani. Nyumba zetu zilishikana ukuta kwa ukuta, hivyo hukuhitaji kuuliza jirani anapika nini: majani ya mchuzi yakitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mtaa mzima ulipiga chafya. Adhana, kengele ya hekalu na ngoma za Wakristo wa kanzu nyeupe waliosali bondeni zilipeana zamu bila kugombana. Tulicheza mdako kwa kokoto tulizozichagua kwa makini kama vito, tuliruka kamba mpaka magoti yakatetemeka, na mwenye sarafu alinunua robo mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage, tukaila watano, kila mmoja akilinda upande wake. Taa za barabarani zikiwaka tulirudi nyumbani. Hakuna aliyetupigia simu. Mpwa wangu wa leo akikaa chumbani dakika kumi bila kuonekana, mama yake aliye sebuleni humtumia ujumbe, naye humjibu kwa picha ya kidole gumba.

Mimi lakini michezo hiyo niliiacha mapema kuliko wenzangu, nikiwa na miaka kumi na moja, kwa sababu nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na gari.

Lilikuwa gari la Kimarekani la miaka ya hamsini, refu kiasi kwamba pua yake ilifika kwenye kamba ya kuanikia nguo, na mapezi yake ya nyuma, yaliyochongoka kama ya papa, yalikaribia kuukwaruza ukuta wa jirani. Mbele lilikuwa na kiti kimoja kirefu ambacho watu watatu walikaa bila kugusana mabega. Gia yake haikuwa chini kama za magari mengine; ilichomoza kwenye shingo ya usukani, upande wa kushoto, mfano wa mkono ulionyooshwa kumwamkia abiria. Lilikuwa limekaa juu ya matofali tangu kabla sijazaliwa, na kuku wa mama walitaga kwenye kiti cha nyuma.

Gari hilo lilikuwa la babu, baba yake mama. Watu wa upande wa mama huitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao Zanzibar hawajaiona hata siku moja. Wazee wao waliletwa Durban na meli zamani sana, wakakaa Bluff vizazi kadhaa, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya sitini. Babu alikuwa dereva wa daktari mmoja, na daktari alipotaka gari jipya alimuuzia lile la zamani. Kwa miaka michache ndilo lililobeba maharusi wetu wote kule Bluff. Siku ya kuhamishwa wenzake walipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao. Babu alilikataa lori. Alimketisha mama yake kwenye kiti cha nyuma, akafunga magodoro juu ya paa, akaendesha mwenyewe mpaka Chatsworth.

Aliendelea kulitumia kwenda kazini mpaka likachakaa, likafa. Lakini Bluff hakurudi. Utawala ulipobadilika watu wetu walianza kwenda kutazama walikotoka, kwa basi la kukodi, wakirudi na mchanga kwenye chupa na macho mekundu. Kila walipomwita babu, jibu lilikuwa moja.

"Mimi nilitoka kwa gari langu. Nitarudi kwa gari langu."

Watu walicheka, kwa sababu matofali yale waliyajua.

Baba alikuwa mtu wa Tanga. Alikuwa fundi wa injini za meli, akashuka Durban katikati ya miaka ya themanini, akakutana na mama, na meli ikaondoka bila yeye. Alipata kazi kiwandani kule Jacobs, akawa anarudi kila jioni na harufu ya grisi ambayo sabuni ya unga haikuishinda. Siku moja, mwishoni mwa mwaka tisini na saba, alikwenda nyuma ya nyumba, akawafukuza kuku, akafungua boneti na kuinamia injini kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Zaituni, mwulize mzee kama ananiruhusu kulitengeneza."

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka pale.

Hapa sina budi kueleza desturi ya nyumba yetu, maana yote yaliyotokea yalitoka humo. Baba hakuzungumza na mkwe wake moja kwa moja. Kwao, alituambia, mkwe huheshimiwa kwa kuwekewa umbali: humtazami akila, humkatizi, humwombi kitu ana kwa ana, na neno lenye uzito hulipitisha kwa mtu mwingine. Babu alilelewa na wazee wenye desturi isiyotofautiana sana na hiyo, kwa hiyo alimrudishia heshima kwa kipimo kilekile. Mtu wa kupitishia maneno nilikuwa mimi. Wakiwa uani walisikiana vizuri kabisa, lakini neno halikuhesabika kuwa limesemwa mpaka mimi nilibebe.

"Babu, baba anauliza kama unamruhusu."

"Mwambie anisamehe kwa usumbufu."

"Baba, anasema umsamehe kwa usumbufu."

"Mwambie hakuna usumbufu, ni heshima yangu."

Mama alichungulia dirishani akiwa na mwiko mkononi. "Siku mtakayoanza kumlipa nauli," alisema, "mtoto huyu atajenga ghorofa."

Hatukuwa na uwezo wa kulitengeneza gari kwa njia iliyo sahihi, kwa hiyo tulilitengeneza kwa njia iliyowezekana. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ungeweza kuona majani kati ya miguu yako; baba aliiziba kwa bati la mashine ya kufulia iliyotupwa, akalichomelea pembe kwa pembe, na kwa miaka yote iliyofuata aliyekaa nyuma aliweza kusoma maagizo ya kufua sufi karibu na kisigino chake. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka kwenye maboksi ya viatu, akazipaka grisi, zikakaa. Mlango wa mbele wa kushoto haukuponyeka. Baada ya wiki kadhaa za kuzunguka kwenye majalala ya magari alipata mwingine, wa gari la jamii ileile lakini la mwaka tofauti, wa rangi ya kijani, akautia tupa Jumapili mbili mpaka ukakubali kufunga.

Kazi yangu mimi ilikuwa bampa. Fundi mmoja wa kiwandani alimfundisha baba kwamba kutu ya juu juu kwenye nikeli hutoka ukiisugua kwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula, iliyokunjwa na kuchovywa majini. Nilisugua miezi. Maji yaligeuka rangi ya chai, vidole vilinukia chuma hata nikiwa darasani, na polepole uso wangu ulianza kuonekana kwenye bampa, kwanza kama moshi, kisha kama mimi. Mama alilalamika kwamba sambusa zake sasa zinafungwa kwenye gazeti ili bampa ivae fedha, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoninyima karatasi hiyo.

Jirani yetu, Anko Siva, fundi umeme mstaafu, alisimamia kazi yote akiwa amelaza viwiko juu ya ukuta. Watoto wa Chatsworth tulimwita kila mtu mzima wa mtaani Anko, na huyu alistahili, kwa kuwa ndiye aliyetufungia nyaya zote za taa bila malipo zaidi ya kachumbari ya mama.

"Eish, Fundi," aliita kila Jumamosi, "unajenga gari au nyumba ya pili? Kwa urefu huo, nenda manispaa wakupe namba ya mlango."

Viti vilipelekwa kwa Papa Dido, Mkongomani aliyeshona viti vya magari katika chumba kimoja kule Mobeni. Ngozi ya plastiki tuliyoipata haikutosha, basi mama akatoa kipande kimoja cha doti yake ya khanga ili kikae katikati, ngozi ipite pembeni. Papa Dido aliikunjua khanga ile, akaigeuza, akakuna kidevu.

"Mama Zaituni, hii kitambaa iko bien kabisa. Lakini iko na maandishi. Watu watakuwa wanakalia maneno?"

"Shona tu, Papa Dido. Kuna watu inafaa wayakalie maneno, kwa kuwa kuyasema hawawezi."

Nilidhani anafanya mzaha. Leo nadhani mama alikuwa ameanza kuona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. "Sharp," alisema Papa Dido, yaani sawa, akachukua mkasi.

Injini iliwaka mwezi wa nane mwaka tisini na nane. Ilikohoa, ikatema moshi wa bluu uliowafukuza kuku mpaka kwa Anko Siva, kisha ikatulia na kutoa mngurumo mzito uliotetemesha vikombe jikoni. Babu alisimama. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo mpaka kikapata joto. Mwezi uliofuata breki zilikuwa tayari, gari likapimwa, likapata kibali cha barabarani. Lilikuwa la kijivu, rangi ile ya kwanza inayopakwa chini ya rangi yenyewe, na mlango mmoja wa kijani. Lilikwenda na lilisimama. Yeyote mwenye akili angesema limekwisha.

Baba hakusema hivyo. "Siwezi kumkabidhi mkwe wangu gari lenye mabaka," alimwambia mama. "Akifika huko watu watalitazama, watauliza mkwe wake ni fundi wa namna gani." Alileta nyumbani makopo ya rangi nyekundu, mabaki aliyoruhusiwa kuyachukua kiwandani, akasema tungelipaka mwili mwekundu na paa jeupe. Na mimi, nisiseme uwongo, nilitaka wekundu ule kuliko yeye. Nilikuwa nimewatangazia wasichana wote wa darasa letu kwamba siku ya kutoa zawadi, mwisho wa mwaka, ningeshuka langoni kutoka kwenye gari jekundu lenye mapezi. Mmoja wao alikuwa ameninunia kwa ajili hiyo, na kununiwa kule kulinipa furaha ambayo sijasahau.

Babu alikuwa na presha ya macho. Sikujua jina la ugonjwa. Nilijua dalili zake tu, na nilizicheka. Alikuwa akigeuza kichwa kizima kutazama kitu, kama kuku. Alimimina chai kando ya kikombe. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi aliniita barazani, mbele ya nyumba, wakati baba akiwa nyuma akichanganya rangi. Alitoa kwenye mfuko wa koti kipande cha bomba la moshi, urefu wa kiganja, kilichobaki tulipokata ekzosi.

"Funga jicho moja. Tazama humu. Unaona nini?"

"Naona geti, babu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Simwoni."

"Amesimama pembeni yako."

Kweli alikuwa hapo, karibu kiasi cha kumgusa, na nguo za kukunja mkononi. Babu alingoja mpaka akaingia ndani nazo.

"Mimi naona hivyo," alisema babu. Kisha akatoa kipande kingine, cha bomba la petroli, chembamba kama kidole cha mwisho. "Daktari amesema kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Baada ya muda litakuwa hili." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya basi. "Nenda kamwambie baba yako gari linatosha. Mwambie rangi si kitu, twende tu. Lakini habari ya macho usimwambie. Atadhani namharakisha, na mtu anayekufanyia kazi bure humharakishi."

Nilizunguka nyumba. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, akikoroga kopo kwa kijiti. Rangi ilikuwa inazunguka polepole, nzito, inang'aa. Sijapata kuona kitu chekundu namna ile.

"Mzee anasemaje?"

"Anasema sawa."

Neno moja. Halikuwa uwongo mtupu, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Baba alitabasamu, akaendelea kukoroga. Baadaye babu aliponiuliza kama nimefikisha, nilisema nimefikisha. Yeye akangoja. Hakuuliza tena, kwa sababu aliamini ujumbe umepokewa na mkwe wake ana sababu zake za kuchelewa, na sababu za mkwe hazichunguzwi.

Basi mvua zikaanza. Aliyeishi Durban anaijua hewa ya miezi ile, hewa unayoweza kuikamua. Baba alipaka paa Jumamosi moja; kufikia alasiri rangi ilikuwa imeingia ukungu kama chai iliyotiwa maziwa, tukaikwangua yote kwa msasa. Alipaka upande wa kulia Jumamosi nyingine. Mvua ilikatika, jua likatoka, na kumbikumbi wakaibuka ardhini kwa maelfu wakaja kutua kwenye rangi mbichi. Anko Siva alisimama ukutani akawatazama, akimpangusa mmoja kutoka kwenye kiwiko chake. Tukakwangua tena. "Jumamosi ijayo," baba alisema, na mimi nikampelekea babu Jumamosi ijayo hiyo, na babu akasema, "Mwambie asijisumbue." Siku ya kutoa zawadi ilifika, ikapita. Nilikwenda kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Wiki nane zilikwisha hivyo.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa kavu. Baba aliamua kwamba siku imefika. Alimimina mabaki yote ya rangi kwenye ndoo moja, akaiweka katikati ya ua, akaingia ndani kutafuta kitambaa safi. Babu alitoka na kuja kulitazama gari, kama alivyofanya kila Jumamosi. Alitembea wima, mkono mmoja mbele, akiutafuta mlango. Ndoo ilikuwa pembeni ya njia yake, nyekundu, kubwa, mbele ya macho ya kila mtu. Aliipiga teke.

Rangi ilitambaa juu ya majani kimyakimya. Baba alitoka akasimama mlangoni na kitambaa chake. Uso wake ulibadilika, kisha akaurekebisha.

"Zaituni," alisema, "mwambie mzee asijali kabisa."

"Mwambie anisamehe," alisema babu. Alikuwa anaangalia upande ambao baba hakuwepo. "Mwambie sikuiona."

Wote wawili waligeuka kuningoja. Niliwatazama, mmoja huku, mwingine kule, na mimi katikati na maneno yao mawili ya heshima, na sikuweza kuyabeba. Nilikwenda kwa babu, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti lake bila ruhusa, nikatoa kile kipande chembamba cha bomba la petroli, nikampelekea baba.

"Tazama humu," nikamwambia. "Babu anaona hivi. Alisema gari linatosha. Alisema tangu mwezi wa kumi. Mimi sikukwambia."

Mama, aliyekuwa kwenye kamba ya nguo, aliweka beseni chini. Baba alilishika bomba. Nilitegemea kofi, halikuja. Aliliweka jichoni, akamtazama babu kupitia humo, akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia, akimtafuta mtu aliyekuwa mbele yake. Alipoliteremsha alikuwa mtu mwingine. Akavuka ule ua, hatua nne ambazo maisha yangu yote nilidhani haziwezi kuvukwa, akamketisha babu kwenye kiti chake, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee," alisema kwa kinywa chake mwenyewe, "nisamehe. Kesho asubuhi tunakwenda."

Babu aligeuza kichwa kunitafuta. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi nije kuyarudia. Nilipokosa kuja, alinyoosha mkono ukapata bega la baba.

"Na rangi, mwanangu?"

"Imekwisha, Mzee. Majani yameinywa."

Babu alicheka mpaka akafuta macho. Alasiri hiyo nilipompelekea chai nikasimama bila kuondoka, aliniwekea kiganja kichwani. "Sote watatu tulikuwa na midomo, Zaituni," alisema. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki. Lakini nimeishi na hesabu ya wiki nane. Bomba lilipungua kiasi gani katika wiki nane? Hakuna daktari anayeweza kuniambia, na nimewauliza.

Siku hizi mambo ni mepesi. Mkwe na mkwe wako kwenye kundi moja la simu, wanatumiana vichekesho kabla ya kunawa uso, na lolote linalomuuma mtu mguuni hujulikana ukoo mzima kabla ya saa nne. Nikiyaona hayo huwaonea wivu. Nyumba yetu ingekuwa na simu moja ya namna hiyo, babu angefika Bluff mwezi wa tisa. Na bado kuna kitu nakikosa: namna watu wale wawili walivyopanguza midomo kabla ya kuanza kutumiana neno, namna "mwambie anisamehe" ilivyokuwa haina haraka. Kijana wa leo akinunua gari kuukuu huanza na rangi na spika. Kama injini inawaka ataitazama baadaye. Ningemcheka zaidi kama mimi mwenyewe nisingeanza na rangi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mama aliamka mapema akapika vitumbua, akajaza chupa ya chai, akavaa khanga iliyokuwa pacha ya ile ya viti. Gari lilikuwa la kijivu, mgongo wake una makovu ya msasa, upande wa kulia bado kuna mabawa ya kumbikumbi, mlango wa kijani, bampa zinazowaka kama kioo. Babu alitoka na koti lake la Idi na kofia. Alipitisha kiganja juu ya boneti kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Rangi nzuri," alisema.

Hatukujua kama tucheke. Anko Siva, ukutani, alivua kofia yake.

Baba alishika usukani, babu akaketi kushoto kwake, mimi na mama nyuma, miguu juu ya maagizo ya kufua sufi. Injini iliwaka mara ya kwanza. Baba aliponyoosha mkono kwenye gia, alikuta mkono wa babu umeshatangulia.

"Wewe kanyaga klachi," alisema babu. "Hii niachie."

"Sawa, Mzee. Nimekanyaga. Ya kwanza."

Babu aliivuta gia kwake, akaishusha, gari likajongea. Tuliteremka hivyo, mmoja akiwa na miguu na mwingine na mkono, na safari nzima walizungumza kuliko walivyozungumza miaka yote.

"Ya pili, Mzee."

"Hujakanyaga, nasikia meno."

"Nimekanyaga!"

"Umegusa. Kanyaga kama unaua nge."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Tulipita Mobeni, maghala yamefungwa. Tulipita Jacobs, na baba akamwonyesha babu kiwanda chake, kisha akakumbuka, akaanza kumweleza geti lilivyo, na bomba la moshi, na walinzi. Kwenye roboti ya mwisho, yaani taa za kuongozea magari, dereva wa teksi alishusha kioo, akalitazama gari kutoka puani mpaka mkiani, akapiga honi ndefu ya heshima. Babu akampungia mkono, upande uleule hasa aliokuwapo.

Barabara ilianza kupanda. Baba akasema, "Ya pili," na babu akasema, "Hapana, mwanangu. Hapa ni ya kwanza mpaka juu," akairudisha mwenyewe. Gari lilipanda likinguruma, harufu ya bahari ikaingia madirishani, na baba akafuata kila alichoambiwa: kata kulia, sasa polepole, sasa simama.

Alisimama. Palikuwa na nyasi ndefu, na ndani ya nyasi ngazi tatu za saruji zisizoelekea kwenye nyumba yoyote.

"Tumefika, Mzee?"

"Tumefika. Zima."

Baba alizima injini. Babu aliufungua mlango wa kijani mwenyewe, akashuka, akasimama mbele ya ngazi za nyumba yake, akasema, "Naona yote."